Mama wa Sekretaria Asiye na Breve

Kesho kutwa, Jumatatu, komite ya wafanyabiashara wa hapa Mubi itachagua muntu wa kuwatengenezea site, zile kurasa za interneti ambamo wateja wataona bei na kamio za mizigo zinazoingia. Wamesema wazi: asiye na breve, ile karatasi ya kufaulu mafunzo, alete ushuhuda wa kazi wenye kashe, muhuri wa wino. Mama wa Sekretaria hana breve. Kashe ya chama chetu cha wenye kamio wa Masisi iko kwangu, ndani ya mufuko wa koti, tangu siku tulipokimbia. Kwa hiyo ushuhuda nitauandika mimi, na mimi njo muntu wa mwisho aliyestahili kuuandika.

Nimefungua kaye yangu, daftari hili, niweke kwanza yote ninayokumbuka juu yake, halafu nitaona ni gani inaweza kuingia kwenye ukurasa mumoja. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa sekondari tu. Nikikosea, iwe kwa kutojua, isiwe kwa kuficha.

Alizaliwa wapi, na baba yake ni nani, sijue na sikuuliza. Katika miaka hii, kwetu Masisi, kuuliza muntu kijiji cha babu yake haiko mazungumzo tena. Ukiuliza, muntu anakuangalia mikono kwanza, kuona umeshika nini. Yeye watu wote walimuita Mama wa Sekretaria, na aliitika.

Sekretaria yake, mahali pa kuandikisha barua na kutoa fotokopi, ilikuwa nyumba ya mbao chini kidogo ya soko, yenye mashini mbili, yaani kompyuta, printa moja, na mashini ya fotokopi iliyokuwa inakohoa kabla ya kutoa karatasi. Juu ya bati kulikuwa na sahani ya jua ya kutoa umeme. Kila mashini alikuwa ameifunika na kitenge chake, na kabla ya kukifunua alinawa mikono na sabuni kama muntu anayekwenda kukamua ngombe. Aliyemugusia mashini na mikono ya maharagi alifukuzwa, hata akiwa chef wa kitu gani. Lakini yeye mwenyewe alikula jibini juu ya meza hiyohiyo, na aliikata na rula ya ofisi. Nilimuona mara nyingi. Siku moja nilithubutu kumuambia.

«Mama, na hiyo rula?»

«Rula haina umeme,» akasema, akaendelea kutafuna.

Hakukupa barua aliyokuandikia mpaka uisome kwa sauti, mbele ya wote wanaongojea zamu. Wengi walichukia jambo hilo. Nakumbuka mufugaji mumoja wa huko juu aliyekuja kushitaki jirani yake kwa sababu ya ngombe walioingia katika shamba la viazi. Barua ilikuwa na maneno makali, mengine ya kutaja watu wa aina fulani. Mama akavua miwani.

«Papa, nani atasoma hii?»

«Chef wa poste wa serikali.»

«Na nani mwengine?»

«Yeye peke yake.»

«Chef iko na sekretere. Sekretere ameoa, iko na bibi. Bibi anauzaga maziwa na bibi ya huyu unashitaki. Njo wanne tayari, na wewe hujafika nyumbani. Wanne hao, unataka wote wajue unawaza hivi?»

Watu wakacheka. Mufugaji hakucheka, lakini aliondoa mistari miwili, na baadaye nilisikia kwamba jirani alilipa viazi. Swali hilo, nani atasoma hii, aliliuliza kwa barua za mapenzi, kwa matangazo ya kilio, kwa orodha ya wanafunzi. Mimi nililiona kuwa mazoea tu ya muntu anayezeeka, kama yule anayerudi mara tatu kuangalia kama amefunga mulango. Hilo nililiwaza, naliandika.

Kutengeneza kurasa za interneti hakufundishwa na muntu. Alikuwa anafungua kurasa za wengine na kuangalia ndani yake, jinsi zilivyoshonwa, kama fundi wa nguo anayegeuza kanzu ya mugeni kutafuta mushono. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa wa wenye kuuza jibini. Nisimusifu kupita kiasi: ulikuwa mubaya kwa macho. Maandishi ya kijani juu ya njano, na picha ya jibini iliyofanana na jiwe la kusagia. Kifaransa chake kilikuwa na makosa hata mimi niliyaona, na ukimuonyesha alikasirika siku mbili. Lakini ukurasa huo ulifunguka haraka hata kwenye telefone ndogo ya bei ya chini, pale ambapo rezo, yaani mutandao, ni ya kuokotaokota.

Alitoa na foromasio, mafunzo ya kazi hiyo. Miezi mitatu, halafu egzame ya kupima, halafu breve yenye maua pembeni, saini yake na kashe yake. Egzame yenyewe ilikuwa hivi: unatengeneza ukurasa, halafu anakupa telefone ya zamani, anakutuma upande mulima mpaka mahali rezo inapokaribia kufa. Ukurasa ukifunguka kule, umepita. Usipofunguka, unashuka na aibu yako.

Binti ya dada yake alishuka na aibu hiyo. Nilikuwapo, nimekuja kutoa fotokopi.

«Mama mudogo, mimi niko mutoto wako!» alilia.

«Kwa chakula uko mutoto wangu. Kwa mashini umeshindwa. Kula kwanza, halafu utarudia.»

«Watu wengine wanauza breve, wananunua, wanaenda kazi!»

«Njo maana wengine wanaanguka na kazi. Ongeza maharagi, hii ni kidogo.»

Basi, muntu huyu aliyewasainia wengine hakuwa na karatasi hata moja ya kumusainia yeye. Siku nilipomuuliza kwa nini, alicheka kidogo tu.

«Nani atanisainia? Miye mwenyewe?»

Alisema breve ni rangi ya ukuta, haishike nyumba. Pamoja na hayo alikuwa na farde kubwa yenye kopi ya kila breve aliyotoa, aliifuta vumbi kila Jumamosi, na ungemutajia mwanafunzi wa zamani, angekuambia alipata ngapi. Kwa hiyo sijue kama alizizarau karatasi ao alizipenda. Nafikiri alizipenda sana, njo maana hakuzitoa ovyo.

Sasa nifike kwenye jambo letu.

Chama chetu kilitaka site. Barabara ya kutoka Masisi kupita Nyabiondo mpaka Walikale ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mulango wa duka, leo hawa wanapigana, kesho wale, na wenye mizigo huko Goma na Butembo walitaka kujua kamio gani inatoka, nani anaiendesha. Komite ilikaa kuchagua muntu. Nilikuwa sekretere, mwenye kuandika. Wakaja wawili: Mama wa Sekretaria, na kijana mumoja kutoka Goma, Justin.

Justin alileta breve sita, kila moja ndani ya plastiki. Prezida wetu, muntu mwema, mwenye kamio tatu, alizipima kwa mukono kama anapima nyama.

«Hapa kuna muntu,» akasema.

Nami niseme haki: Justin hakuwa mudanganyifu. Breve zake zilikuwa za kweli, na kazi aliijua. Alituonyesha kurasa alizotengeneza, zikatupendeza sote.

Nilipewa breve hizo niziandike katika ripoti. Ya sita, ya chini kabisa, ilikuwa na maua pembeni. Saini ilikuwa ya Mama wa Sekretaria, aliyekuwa ameketi inje juu ya benchi, anangoja zamu yake. Kijana huyu alianzia kwake. Niliinua kichwa niseme.

«Sekretere, umeandika sita?» Prezida akauliza.

«Ndiyo, Papa Prezida.»

Nikaandika sita. Sijue hata leo kwa nini sikusema. Pengine kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na wote walitaka kurudi. Pengine kwa sababu muntu aliyesoma kidogo kama mimi huogopa karatasi zikiwa nyingi.

Mama alipoingia hakuleta kitu isipokuwa mashini yake katika kitenge. Kabla hajaulizwa, yeye aliuliza.

«Majina ya washofere mutaweka gani? Ya barabara ao ya karata?»

Hapa nieleze kwa asiyejua. Kwetu shofere ana majina mawili. La karata, la kitambulisho, ni lile la baba na la ubatizo, na ukilisikia pamoja na kijiji, unajua mara moja huyu ni wa kabila gani. La barabara ni lile walilomupa wenzake. Kuna aliyeitwa Saa Sita kwa sababu hakufika popote kabla ya saa hiyo, na kuna aliyeitwa Shida Yangu. Kwenye bariere ya watu wenye silaha, kamba iliyokatisha barabara, jina la barabara njo linalotajwa. Halina baba, halina kijiji. Wanacheka nalo, wanachukua kitu chao, wanafungua kamba.

Prezida alicheka. «Mama, interneti haiko bariere.»

«Papa Prezida, kwenye bariere kuna telefone.»

Mumoja wetu akasema, «Mama anaogopa mashini yake mwenyewe!» Tukacheka tena. Na mimi nilicheka. Halafu Prezida akauliza kama ana breve. Akasema hana. Akashukuru, akafunga kitenge, akaenda. Hata robo saa haikupita.

Justin akaanza kazi. Aliniomba orodha ya washofere: jina la karata, la baba, la ubatizo, kijiji cha asili, telefone, na picha. Ndivyo tunavyojaza kila fomu katika inchi hii tangu shule ya musingi, sikuona kitu kipya. Niliinakili kutoka katika daftari la chama kwa mwandiko wangu muzuri, na nilijivuna. Jina la barabara hatukuliweka kabisa. Tuliona ni la kihuni. Kwa hiyo si Justin peke yake. Orodha ilitoka mukononi mwangu.

Ukurasa ulipotoka ulikuwa muzuri. Prezida aliuonyesha padri na wauza maziwa. Washofere walijiona wanacheka kwenye telefone. Siku nne.

Siku ya tano Saa Sita na wengine wawili waliondoka asubuhi na kamio za maharagi kwenda Walikale. Jua lilikuwa limepanda sana aliponipigia kutoka mbele ya Nyabiondo. Sauti yake ilikuwa ya chini.

«Sekretere. Nani amewapa jina yangu?»

«Jina gani?»

«Yangu yote! Muntu amenipigia, simujue. Amenisalimia na jina ya baba, amesema, 'Mutoto wa kijiji fulani, tunakungojea hapa mbele.' Kijiji kweli, Sekretere! Ni ya kwetu! Hata bibi yangu hajafikaka kule.»

«Uko wapi sasa?»

«Kamio ya mbele imekwama, barabara ni nyembamba, siwezi kugeuka. Nani amewapa?»

Nilijua jibu. Nikamuambia angoje, na rezo ikakatika.

Nilimupigia Justin, telefone imezimwa. Nikapiga tena na tena. Baadaye tulijua kwamba alikuwa Goma ndani ya egzame ya breve nyingine, na sheria ya egzame ni kuzima telefone. Hakufanya kosa. Nikakimbia kwa Prezida. Nikamueleza. Akatoa ndani ya sanduku bahasha iliyofungwa vizuri: Justin alikuwa ameacha kodi, maneno ya siri ya kufungulia site, zimeandikwa moja baada ya nyingine, kwa sababu katika foromasio zake walimufundisha kwamba muntu anaweza kufa ao kukosa rezo, na wenye site wasibaki inje. Hilo breve ilimufundisha, nami naliandika wazi. Bila bahasha ile tusingekuwa na kitu.

Lakini kati yetu hakuna aliyejua kuitumia. Tuliangaliana kama watu waliopewa ufunguo wa ndege.

Nikamukimbilia Mama wa Sekretaria. Alikuwa anaandika tangazo la arusi. Nilimueleza nikikosa pumzi. Nilingoja aseme niliwaambia.

«Leta bahasha.»

Alifunga mashini mugongoni na kitenge kama anabeba mutoto, tukapanda. Rezo siku hiyo ilikuwa kwenye malisho tu, juu ya mulima ambako ngombe wanachungwa. Alikuwa na miaka yake, alipumua kwa shida, lakini kila nilipotaka kumusaidia kubeba alinipiga mukono. Tulipofika juu tukasikia silaha upande wa mulima mwengine, mbali, kama muntu anapasua kuni. Muchungaji akasogeza ngombe wake chini. Sisi tukabaki.

Aliketi kwenye nyasi, akafungua mashini juu ya magoti. Rezo ikaja, ikaenda. Ukurasa ukafunguka nusu, na katika nusu hiyo Saa Sita alikuwa anatucheka, jina lake lote chini ya kidevu.

«Orodha iko wapi ndani?» akajiuliza. «Huyu kijana ameshona vizuri sana, sioni uzi.»

Ngombe mumoja aliyebaki akaja kunusa kitenge. Silaha zikalia tena.

«Mama, fanya haraka.»

«Weye umeiona kodi hii mara ya kwanza leo, na miye vilevile. Nyamaza.» Halafu akasema, «Sioni orodha peke yake. Nafuta yote.»

«Yote? Hata bei? Hata picha za kamio? Ni kazi ya miezi!»

«Nafuta yote. Uko na kitu cha kusema?»

Nilimufikiria Prezida, nikafikiria ripoti. Nikasema hapana. Akafuta. Mashini ikazungusha kile kiduara chake, rezo ikakatika, ikarudi, na mwishoni ukurasa ukawa mweupe. Akafunga na kufungua tena mara tatu, mweupe.

«Sasa wapigie washofere wote. Mumoja mumoja. Usitaje jina ya karata, sema la barabara. Waambie wabadili kadi za telefone.»

Nikapiga. Wote niliwapata, ila Saa Sita na wawili waliokuwa naye. Tulishuka. Mama Saa Sita, mke wake, alikuwa amekwisha kufika uwanjani kwa Prezida, ameketi chini na miguu imenyooshwa, hakulia. Kwa siku mbili alikuja kuketi pale.

Siku ya tatu Saa Sita alipiga kutoka Walikale. Wote watatu walikuwa wazima. Nilipomuona baadaye alinieleza. Kwenye bariere walishushwa. Mumoja wa wale wenye silaha alikuwa na telefone mukononi, anasukuma kidole, anasukuma, anawaangalia usoni, anasukuma tena.

«Alikuwa anasema, 'Haifunguke, haifunguke.' Mwenzake akauliza, 'Munaitwa nani?' Nikasema Saa Sita. Wakacheka. Wakachukua gunia tatu, tukaenda.»

«Ni kwa sababu Mama alifuta,» nikasema.

«Ao ni rezo tu,» Saa Sita akajibu. «Kule rezo ni mubaya sana.»

Sitasema zaidi ya alivyosema. Saa ya kufuta niliiona kwenye telefone yangu. Saa ya bariere yeye hakuiangalia. Inawezekana Mama aliwaokoa, inawezekana rezo mubaya iliwaokoa na yeye alipanda mulima bure. Nimelifikiria mara nyingi, na kila mara nabaki palepale.

Justin alikuja kutoka Goma juma hilohilo, amekonda. Aligundua kitu ambacho Mama hakukijua: kopi ya ukurasa wetu ilikuwa bado imebaki mahali watu wanapotafutia vitu katika interneti. Yeye alijua namna ya kuomba iondolewe, akaiondoa. Hilo pia liandikwe. Kisha alikuja kuketi karibu yangu.

«Nimefanya egzame saba, Papa Sekretere. Hakuna hata moja iliyoniuliza swali lile, nani atasoma. Hata moja.»

Akaenda kumusalimia Mama na mikono miwili. Nilimusindikiza. Mama hakumugombeza. Alimupa kiti, akamupa maziwa, halafu akamunyooshea mukono.

«Breve yangu, rudisha.»

«Mama?»

«Ile ya maua. Nilikusainia kwamba unajua kazi. Hujui bado. Rudisha, utafanya egzame tena.»

Nilimuona ni mukali mno. Kijana alikuwa na sita nyingine za maana kuliko hiyo, angeweza kuondoka. Aliifungua plastiki, akaitoa, akamupa. Alirudi baada ya mwezi kufanya egzame, na safari hii hakutumwa mulimani. Alipewa orodha ya wagonjwa wa uwongo, akaambiwa aiweke kwenye ukurasa. Akakataa kuiweka. Akapata.

Sisi komite tulifanya nini? Tulimutumia Mama jibini moja. Katika ripoti niliandika kwamba ukurasa umesimama kwa sababu za kiufundi. Prezida ndiye alisema niandike hivyo, lakini kalamu ilikuwa kwangu. Hatukumupa kazi. Hatukumuita hata kumuambia aksanti mbele ya watu.

Halafu vita ikashuka mpaka Masisi kati, tukakimbia, kila muntu na njia yake. Mimi nilipitia musituni kufika huku Mubi. Yeye alifika baada yangu, na mashini moja. Nilipomuuliza farde ya breve alijibu kwamba aliichoma katika jiko kabla ya kutoka, karatasi moja moja.

«Majina ya wanafunzi wote,» akasema. «Ningeibeba kupita wapi?»

Ana meza sasa mbele ya duka la wafanyabiashara wa Butembo, chini ya bache ya plastiki, kati ya muuza vitunguu na wenye moto, zile pikipiki za kukodi.

Hayo niliyaandika jana Jumamosi. Usiku sikuongeza kitu. Leo baada ya misa nilimupelekea ushuhuda. Nilikuwa nimeandika kwamba alitufanyia kazi ya site kwa miaka miwili, kwa uaminifu na ufundi. Alisoma, akavua miwani.

«Miye sikufanya kazi kwenu.»

«Mama, Jumatatu wanataka muda wa kazi. Bila hivyo hawatakusikiliza. Kuna wawili wenye breve, nimewaona.»

«Wakiwa wanajua kazi, wapewe. Miye sikufanya kazi kwenu. Mulinikataa.»

Muuza vitunguu akacheka: «Papa, andika tu, karatasi haina mudomo!»

«Weye uza vitunguu,» Mama akamuambia.

Niliketi kwenye gunia, nikaandika upya. Nikaandika kwamba alikuja mbele yetu, tukamukataa kwa kukosa breve, ingawa breve mojawapo ya yule tuliyemuchagua ilikuwa na saini yake, na mimi niliiona nikanyamaza. Kwamba aliuliza swali moja, tukacheka. Kwamba tuliweka majina ya washofere wazi kwa ulimwengu, na orodha niliandika mimi. Kwamba alipanda mulima, silaha zinalia, akaondoa. Kwamba hatujui kwa hakika aliokoa nani, lakini washofere watatu waliokuwa njiani walifika wazima, na hawa hapa wanaweza kuulizwa. Nikawataja watatu, na majina yao yote, na vijiji vyao, ili komite ya Mubi iamini.

Aliposoma maneno juu ya saini yake, alirudia musitari huo. Sikujua kama anajua kwamba niliiona siku ile. Akaendelea kusoma mpaka chini, halafu akachukua kalamu yangu, akapiga musitari juu ya majina matatu, polepole, mpaka hata herufi moja haikuonekana.

«Papa Sekretere,» akasema, na sauti haikuwa ya kugombeza. «Bado tu?»

Pikipiki ikapita, ikatumwagia matope kidogo.

«Bila majina hawataamini, Mama. Watasema ni hadisi.»

«Waseme.»

Nikaandika mara ya tatu. Washofere watatu, basi. Njia fulani, mwaka fulani. Nilipofika mwisho karatasi ilikuwa imebakiwa na jina moja la muntu mbali na lake, la kwangu, pale pa saini. Niliandika la karata, na la baba, na la ubatizo, na kijiji nilikotoka, vyote, kwa mwandiko uleule wa daftari la chama.

Alinyoosha kidole juu yake.

«Hili utaacha libaki?»

«Nitaacha.»

«Hii karatasi itapita mikono mingi hapa Mubi.»

«Najua, Mama. Lakini lazima awepo muntu mumoja wa kuulizwa.»

Aliniangalia kama anavyoangalia mwanafunzi anayeshuka kutoka mulimani. Nikatoa kashe ndani ya koti, nikagonga. Wino ulikuwa mwingi, ukataka kuchafua jina langu. Akainama, akaupuliza mpaka ukakauka.